Shabaha ya Mabati

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta. Nikianza habari za ziwa, za madumu, na za Mwalimu Rugambwa aliyekaa kwenye mtumbwi akitafuna kahawa kama mtu aliyekwenda kutazama mpira, mtashawishika kumlaumu mwingine. Msimlaumu. Ni mimi, Rwegasira, fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Kamachumu, huko juu ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya kwenye pipa la kukingia mvua.

Niliyemponza ni shemeji yangu Benigna, mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka yuko Izigo na migomba yake na mibuni yake. Shemeji hukaa Bukoba mjini siku za kazi, kwa sababu ni mkunga wa boti ya zahanati. Boti hiyo huenda visiwani, upande wa Muleba, na kituo chake kikubwa ni Bumbire. Miaka tisa sasa. Injini yake naitengeneza mimi, kwa hiyo miaka tisa tumekuwa tukitaniana majini na nchi kavu, kama ilivyo haki ya mashemeji. Yeye husema nyumbani kwetu kaka alipewa akili zote, mimi nikabakiziwa mdomo. Nami humwambia kaka alikuwa na malaria siku alipokwenda kuposa.

Mwaka huu mradi wenye boti ukaleta sharti jipya. Kila anayepanda boti kikazi lazima aogelee mita elfu moja na mia tano ziwani, kwenye maji ya wazi, si kwenye bwawa la hoteli, kwa muda usiozidi dakika hamsini, akiwa na mwenzake wa mazoezi. Mwalimu Rugambwa, anayefundisha kuogelea, anapima, anatia sahihi kwenye kadi, kadi zinapelekwa Mwanza. Asiye na kadi ifikapo mwisho wa Novemba anashushwa. Mimi na nahodha Riyadhi tulipata zetu mwezi wa tisa. Shemeji akabaki. Asipoipata, angehamishiwa stoo ya dawa mjini akapange maboksi mpaka astaafu, na boti ingekwenda Bumbire bila mkunga hadi apatikane mwingine. Na mkunga wa kupanda boti ile kila wiki, mawimbi yawepo yasiwepo, hapatikani kwa kubandika tangazo ukutani.

Tulianza mazoezi Julai. Wakati huo shemeji alikuwa akiingia majini kama mtu anayeingia nyumba yenye mbwa. Ana miaka arobaini na sita. Siku ya kwanza alisimama maji yakiwa magotini, akaniuliza, “Na wanaokufa maji huanzia wapi?” Nikamwambia, “Huanzia kwenye maswali.” Hakucheka. Alitumbukiza uso, akatoka anakohoa, akatumbukiza tena. Mwezi wa nane alikuwa anaelea. Mwezi wa kumi alikuwa anamaliza mita elfu, polepole, kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi kutoka malishoni, lakini anamaliza.

Tatizo lilikuwa shingo. Ndoo za utotoni, halafu miaka ishirini ya kuinama mbele ya vitanda vya wanaojifungua, zimemwachia shingo isiyotaka kuinuka. Akiinua kichwa kutazama mbele, miguu inazama. Akifanya hivyo mara kumi, amekwisha. Basi tukapanga hivi. Yeye anaweka uso majini na kuvuta pumzi upande wa kulia tu. Mimi naogelea kuliani kwake. Kila akigeuza uso kuvuta pumzi, ananiona. Mimi ndiye ninayetazama mbele. Nikikata kona, naye anakata. Kwa kifupi, macho yake yote aliyaweka kwenye kofia yangu, nayo ilikuwa kofia ya plastiki ya kuogea ya mke wangu, yenye maua.

“Ruksa,” alisema Mwalimu Rugambwa. “Wawili ni wawili. Mmoja awe miguu, mwingine awe macho, mimi napima saa.”

Kiunoni kila mmoja alifunga kamba, na nyuma yake likaelea dumu tupu la mafuta ya kula, la lita tano, la njano, ili wavuvi watuone, na ili tuwe na cha kushika tukizidiwa. Ila katika kipimo chenyewe, ukilishika dumu umeshindwa. Ukikanyaga chini kabla ya ufukweni, umeshindwa.

Asubuhi tatu kila wiki tulikuwa majini, halafu kila mtu kazini kwake. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa raha. Maji ya asubuhi yanauma, wadudu wa ziwani wanakuingia mdomoni, na jioni mikono haitaki hata kuinua kijiko. Nilimkuta shemeji mara mbili amelala kwenye benchi la zahanati, amekaa wima, kalamu mkononi. Mara ya pili nilimchomoa kalamu taratibu. Akasema bila kufumbua macho, “Irudishe, mwizi wewe.”

Sasa nifike kwenye upumbavu wenyewe.

Anayeogelea maji ya wazi anahitaji shabaha, yaani kitu kilichoko nchi kavu cha kukiangalia kila baada ya mikono kumi, ili aende moja kwa moja. Maji hayana barabara. Shemeji alinishauri kanisa.

“Chukua paa la kanisa, shemeji. Halijawahi kuhama.”

“Kanisa kutoka majini ni ukungu juu ya ukungu,” nikamjibu. “Mimi nina shabaha yangu. Inang'aa.”

Ilikuwa Novemba, msimu wa senene. Mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa. Wa kwingine ajue kwamba watega senene husimamisha mabati mapya kilimani, huwasha taa kali usiku, na panzi wale huja kwa maelfu, hujigonga kwenye bati na kuteleza mpaka ndani ya mapipa. Asubuhi, jua linapochomoza upande wa ziwa, mabati yale hulirudisha kama kioo. Mtego mmoja ulikuwa mlimani, sawasawa nyuma ya ufukwe wetu. Niliutumia mara mbili, na mara mbili tulifika. Mara ya pili tulitumia dakika hamsini na mbili. Nikajiona nahodha wa meli. Sikujiuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea wa hapa mjini angejiuliza: mtega senene akikosa senene siku mbili mfululizo, hufanya nini? Hubeba mabati yake akahamia kilima kingine.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho. Gari la kupeleka kadi Mwanza lilikuwa linaondoka saa sita mchana. Mwalimu alitupeleka kwa mtumbwi hadi kwenye boya alilolitia nanga upande wa kisiwa cha Musira. Shemeji alikuwa amezalisha usiku kucha mjini, kwa zamu ya mwenzake aliyeugua. Macho yalikuwa mekundu.

“Umelala?” nikamuuliza.

“Nitalala ndani ya maji. Wewe niongoze tu.”

Mwalimu akatupa punje mbili za kahawa mdomoni, akaangalia saa. “Mkishaingia, mimi sisemi neno. Kuona njia ni sehemu ya kipimo. Nitafungua mdomo mtu akizama.”

“Na akipotea?” nikauliza.

“Kupotea si kuzama. Haya, saa moja na dakika ishirini na tano. Ingieni.”

Tuliingia. Mikono kumi, nikainua kichwa: mabati yale pale, yanameta. Mikono kumi, yale pale. Shemeji alikuwa katika mwendo mzuri kuliko siku zote. Kila akigeuza uso nilimwona jicho moja jekundu likinitazama, halafu linazama. Nikahesabu moyoni, nikaona leo tunamaliza kwa dakika arobaini na nane, na jioni nitajinunulia bia.

Halafu mng'ao ukapotea. Nikainua kichwa, hakuna. Nikasema wingu. Mikono kumi, hakuna. Mikono kumi tena, ukarudi, ila umesogea kulia kidogo. Nikasema basi mkondo umetusukuma kushoto, ngoja nirekebishe. Nikakata kulia. Shemeji akakata nami, bila swali.

Tukaenda hivyo muda. Mara shemeji akasimamisha mikono, akaelea, akapumua.

“Shemeji,” akasema, “mbona jua linanipiga usoni? Tangu tuanze lilikuwa kisogoni.”

Hapo ndipo Mungu alipomtumia mtu aliyefunika uso majini kumwonyesha njia mtu mwenye macho. Na mwenye macho akajibu nini?

“Jua linapanda, mama. Ulitaka likae kisogoni mpaka Krismasi?”

“Una uhakika?”

“Mimi ndiye macho au wewe?”

Akarudisha uso majini. Nyuma yetu Mwalimu alikuwa akipiga kasia taratibu na kutafuna. Nilimtazama. Aliangalia pembeni, kuelekea ufukwe wa kweli, kwa uso wa mtu aliye msibani. Nikadhani kahawa imemkaa vibaya tumboni.

Tulipofika kwenye magugu maji ndipo nilipoelewa. Ufukwe wetu hauna magugu. Mbele kulikuwa na mafunjo, nyuma ya mafunjo mteremko, na kwenye mteremko mwanamume mmoja na mke wake walikuwa wakishusha mabati kutoka kwenye mkokoteni na kuyalaza chini, moja baada ya jingine. Kila bati lililolala, mng'ao ulipungua. Tulikuwa tumeogelea kumfuata mtu anayehama.

Shemeji naye alihisi majani yakimkwaruza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akainua kichwa, shingo ikilia, akatazama mbele muda mrefu.

“Ile ni nini?”

“Mabati.”

“Mabati ya nini?”

“Ya senene.”

Mwanamume wa mkokoteni alituona, akatupungia mkono. Mke wake naye akapunga.

“Rwegasira,” akasema shemeji. Miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuniita jina langu.

“Naam.”

“Ufukwe uko wapi?”

Nikamwonyesha. Ulikuwa mbali kushoto, mdogo, umelala kama kitambaa kilichoanuliwa kambani.

“Maji hapa ni ya kiuno,” nikasema. “Simama, shemeji. Tumeshapotea, simama upumzike.”

“Nikisimama nimeshindwa.”

“Umeshashindwa.” Nikatazama saa yangu ya mkononi. “Dakika arobaini na mbili zimekwisha.”

“Hizo ni za saa,” akasema. “Mimi bado sijasimama.”

Akageuka, akaweka uso majini.

Sehemu ile ya kurudi sitaki kuikumbuka, na ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulikata kando ya ufukwe, na upepo wa asubuhi ulikuwa umeanza kuamka na kutupiga vijiwimbi vya ubavuni. Shemeji alinitukana. Alikuwa na utaratibu wake: mkono, mkono, pumzi, tusi. Kwa Kihaya, neno moja moja, kwa kuwa pumzi haikutosha maneno mawili. Alianza na kichwa changu, akashuka taratibu hadi kwenye vidole vya miguu, hakuruka kiungo. Nilipokea yote. Nimewahi kuwa na lori likapinduka na kahawa ya watu. Nimewahi kuwa na duka likaungua. Nimetukanwa na wataalamu. Hakuna aliyenitukana kwa haki kama yeye.

Halafu akaacha. Mkono, mkono, pumzi, kimya. Hapo ndipo nilipoogopa. Jicho lile lilipotoka majini halikunitazama mimi tena, halikutazama kitu. Mikono ilikuwa inaanguka tu, kama inadondoshwa na mtu mwingine. Dumu lake lilielea karibu kabisa na kiganja chake.

“Shika dumu!” nikampigia kelele. “Benigna! Shika!”

Mkono wake ukapita juu ya dumu, ukaingia majini mbele yake. Ukapita tena. Mwalimu alikuwa amesogeza mtumbwi karibu, ameacha kutafuna, kamba ya kuokolea iko mapajani. Nikageuza macho kwenye paa la kanisa, lile ambalo halijawahi kuhama, na sikuliacha tena mpaka tumbo langu lilipokwaruza mchanga.

Shemeji alitoka majini kwa magoti na mikono. Akalala kifudifudi. Nikamfunika kitenge chake. Mwalimu akaburuta mtumbwi, akatazama saa.

“Dakika sabini na nne,” akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, “Hakushika dumu.”

“Mwalimu,” nikaanza, “kosa ni langu. Peke yangu.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Ulituona tunapotea ukanyamaza!”

“Niliwaona. Nilisikitika sana.”

“Sasa andika arobaini na tisa. Nani atajua? Ameogelea karibu mara mbili ya wenzake.”

“Rwegasira, mimi ni mzee wa kanisa.”

“Hata wazee wa kanisa hukosea saa.”

“Hukosea za kwao. Hii ni ya mradi.” Akachomoa kadi mfukoni, akaitazama pande zote mbili kama anatafuta nafasi iliyosahaulika. “Angalia mwenyewe. Kuna mahali pa jina, pa umbali, pa muda. Hakuna mahali pa kuandika mwenzake aliangalia nini.”

Tulibishana. Nilimwambia nitakwenda Mwanza mwenyewe nipige magoti. Akasema Mwanza kuna watu wengi waliopiga magoti. Nilimwambia angoje kesho. Akasema gari ni leo, na mwezi unaisha Jumamosi. Nilikuwa nimekaa mchangani, kigimbi cha mguu wa kushoto kimekaza kama jiwe, meno yanagongana, na bado mdomo ulikuwa unafanya kazi. Kweli nilibakiziwa huo tu.

“Saa ngapi sasa?” Sauti ilitoka chini ya kitenge.

Mwalimu akashtuka. “Saa tatu kasoro ishirini.”

“Gari saa sita?”

“Saa sita.”

“Basi tutarudia saa nne.” Akajiviringisha, akakaa. Uso ulikuwa wa majivu, mchanga umeganda upande mmoja wa shavu. “Mtu anaruhusiwa kurudia siku hiyo hiyo?”

Mwalimu alikuna kidevu. Sheria zake zote amezikariri, na nilimwona akizipitia moja moja, akitamani akute inayokataza na akitamani asiikute.

“Akipumzika saa nzima, anaruhusiwa,” akasema mwishowe. “Lakini haingii peke yake. Mwenzake akikubali, nitapima. Akikataa, mimi nakwenda nyumbani kunywa chai, na habari imekwisha.”

Wote wawili wakanigeukia.

Nilitamani kulia. Nasema kweli. Hakuna mfupa uliokuwa unaniunga mkono. Nilitazama lile boya, doa dogo jekundu upande wa Musira.

“Hapana,” nikasema. “Shemeji, hapana. Hukulala. Ulikuwa unaogelea umekufa kule, nilikuona. Nikikupeleka tena ukazama, nitamwambia nini kaka?”

“Utamwambia aoe.”

“Sitanii.”

“Wala mimi.”

“Mwalimu, mwambie. Mtu aliyechoka ziwani si mwogeleaji, ni mzigo.”

“Mimi nimesema yangu,” akasema Mwalimu. “Na nitakuwa na mtumbwi pembeni, siyo nyuma.”

“Stoo si jela, shemeji. Utakaa kivulini, utakunywa chai saa nne, shingo itapona. Miaka tisa inatosha. Visiwani watapata mkunga mwingine, mwezi wa pili, wa tatu, atapatikana tu.” Nilijisikia nikisema hayo na sikujipenda. “Si lazima iwe leo. Umechoka. Mimi nimechoka. Jambo kama hili mtu halifanyi akiwa amechoka. Pumzika kwanza.”

Alikuwa ameshaanza kufunga upya kamba ya dumu kiunoni, fundo halishiki. Akaliacha, akanitazama.

“Nitajie mtoto mmoja wa Bumbire,” akasema, “aliyesubiri nipumzike kwanza ndipo azaliwe.”

Nikaishika ile kamba, nikamfungia fundo.